Treni ya Mji Mkononi mwa Kampuni: Ni Kipi Hasa Kinachokodishwa?



Swali tunalolijibu safari hii limeletwa na vijana wetu wa Kilambo wanaosoma Dar es Salaam, waliporejea nyumbani likizo. Wanauliza: serikali inapoikabidhi kampuni binafsi kazi ya kuendesha treni za abiria za mjini, ziwe za juu ya ardhi au za chini ya ardhi, shari'ah inasemaje? Je, ni halali kitu cha watu wote kuwekwa mkononi mwa mtu anayetafuta faida? Na kijana wa Kiislamu atakayeajiriwa na kampuni hiyo, mshahara wake ni halali?

Msomaji aliye mbali huenda akajiuliza watu wa Kilambo wana nini na treni za mjini. Ni kweli, hapa hakuna reli. Kuna mto Ruvuma unaokaribia kuingia baharini, kuna Namoto ng'ambo upande wa Msumbiji, na kuna kusubiri. Pantoni ikiwepo na maji yakijaa, gari linavuka. Maji yakipwa au pantoni ikiharibika, watu hupanda mitumbwi na mizigo yao. Lile Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010 liko Mtambaswala, mbali sana na sisi. Basi aliyewahi kusimama ukingoni hapa na mgonjwa au na gunia la samaki wakavu amekwisha kulijua swali hili kabla hajaiona treni: mto ni wa wote, chombo kina mwenyewe, na msafiri yuko katikati yao.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa haiwezekani kulihukumu jambo ambalo hujalifahamu sura yake. Kwa hiyo tuanze na sura ya jambo lenyewe, kwani hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza.

Treni ya mji ina mambo manne ndani yake. Kuna njia, yaani ardhi ambayo reli imepita. Kuna reli zenyewe pamoja na stesheni, madaraja na mahandaki. Kuna vichwa vya treni na mabehewa. Na kuna kazi: kuendesha, kukata tiketi, kusafisha, kutengeneza kinachoharibika. Watu wanaposema kuwa serikali "imebinafsisha treni", yawezekana imetoa moja tu kati ya manne hayo, au mawili, au yote. Neno ni moja, lakini mikataba iliyo nyuma yake haifanani.

Chukua mfano wa Dubai, ambako wapo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili. Treni ya mji ule ilifunguliwa Septemba 2009. Mamlaka ya barabara na usafiri ya Dubai ndiyo yenye mali, na kazi ya kuendesha ikapewa kampuni ya Uingereza iitwayo Serco mpaka mwaka 2021, kisha ikapewa kampuni nyingine, Keolis pamoja na Mitsubishi. Mwendeshaji amebadilika, na treni imebaki ya wenyewe. London walifanya karibu kinyume chake. Madereva na wakata tiketi wa treni zao za chini ya ardhi walibaki katika shirika la umma, lakini matengenezo ya reli, mahandaki na mabehewa wakayagawa kwa kampuni binafsi kwa mikataba ya miaka 30, iliyoanza mwaka 2003. Hong Kong nako mwaka 2000 waliuza sehemu ya hisa za shirika lenyewe, serikali ikabaki na sehemu kubwa. Mtu mmoja anaweza kuyaita yote matatu ubinafsishaji, na kwa lugha ya mitaani hajakosea. Lakini faqihi anaona la kwanza ni kumkodi mtu, la pili ni kumkabidhi mtu mali aitengeneze kwa malipo, na la tatu ni kuuza.

Ndiyo maana utamsikia imamu mmoja akisema ni haramu, akishika hadithi ya vitu vitatu, na mwingine akisema ni halali kwa kuwa Allah (s.w.) amehalalisha biashara. Kila mmoja ameshika dalili sahihi, na kila mmoja ameiweka juu ya kitu kizima wakati inahusu sehemu.

NJIA HAINA MWENYEWE

Hadithi tunayoikusudia ameipokea Abu Dawud na wengineo. Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa watu wanashirikiana katika maji, malisho na moto. Wanavyuoni hawakuishia kwenye vitatu hivyo. Wameangalia sababu yake, wakaona kuwa kila ambacho watu wote wanakihitaji, na ambacho mtu mmoja akikizuia wengine watapata dhiki, kinaingia katika mlango huo. Imamu an-Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wetu wa pwani wamekisoma kizazi baada ya kizazi, anaeleza kuwa manfaa ya asili ya barabara ni kupita, na kwamba anayekaa humo kufanya biashara anaruhusiwa maadamu hawabani wapitao. Haki ya mpita njia ndiyo iliyotangulizwa.

Lakini dalili iliyo karibu zaidi na swali letu ni kisa cha Abyadh bin Hammal (r.a.). Sahaba huyu alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamwomba ampe machimbo ya chumvi yaliyoko Ma'rib, Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwepo akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, kila anayefika huchota. Mtume (s.a.w.) akairejesha. Katika riwaya ya Ibn Majah, alimtaka Abyadh aitengue atia ile, naye akakubali kwa sharti kwamba ihesabiwe kuwa ni sadaka yake kwa watu. Akakubaliwa sharti lake, na akapewa ardhi na mitende mahali pengine badala yake.

Kisa hiki kifupi kina mafunzo makubwa kwa watawala wa leo. Kwanza, kiongozi anaweza kutoa kitu kwa nia njema kabla hajapata habari kamili, na akipata habari hakuna aibu kurejea. Mbora wa viumbe alirejea. Pili, kilichorejeshwa ni kile ambacho watu wote walikuwa wakikifikia. Tatu, aliyenyang'anywa hakuachwa mikono mitupu. Alikuwa amepokea kwa njia ya haki, basi akapewa mbadala. Tutakihitaji kisa hiki tena tutakapofika kwenye reli yetu ya kati.

Kwa msingi huo tunasema: njia ya treni iliyopita katikati ya mji, ambayo maelfu huitegemea kufika kazini, sokoni na hospitali, ni kama barabara ya wote na kama chumvi ya Ma'rib. Haifai kummilikisha mtu. Kiongozi ni mwangalizi wake, na hauzi asichokimiliki.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Chumvi ile ilikuwa juu ya ardhi, mtu anainama tu na kuchota. Treni haiji yenyewe. Inataka mafuta au umeme, inataka mafundi, inataka dereva aliyelala usiku akaamka salama. Mafaqihi wetu wametofautisha tangu zamani baina ya madini ya dhahiri na madini ya ndani yasiyopatikana ila kwa kuchimba na kugharamia, na katika haya ya pili wapo walioruhusu yatolewe kwa mtu ayafanyie kazi. Vivyo hivyo hapa mtoni kwetu. Mwenye mtumbwi hana haki ya kutoza watu kwa ajili ya Ruvuma, lakini ana haki ya ujira wa chombo chake na mikono yake. Akiwazuia wengine wasiweke mitumbwi yao ili yeye peke yake atoze apendavyo, hapo ameanza kuuza mto.

ABDULLAH BIN URAYQIT NA NGAMIA WAWILI

Wapo wanaouliza juu ya mwendeshaji asiye Mwislamu, au mgeni wa nchi. Jibu lake liko katika Sahih Bukhari, katika kitabu cha ijara. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walipohama Makka walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye wakati huo alikuwa bado katika dini ya makureshi. Walimwamini, wakamkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye wakutane kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Akatimiza.

Ndugu msomaji, tazama vizuri ule mkataba. Kazi ilijulikana, yaani kuongoza njia. Mahali na wakati vilijulikana. Ngamia waliwekwa mkononi mwake lakini hawakuwa wake, walibaki mali ya wenyewe. Na uaminifu na ujuzi wake vilikuwa vimekwisha kuangaliwa. Hii ndiyo sura ya mkataba wa Dubai tuliyoitaja, na kwa maoni yetu ndiyo sura iliyo salama kuliko zote: mwenye mali ni umma, na kampuni ni ajiri anayelipwa kwa kazi yake.

Sura ya pili ni serikali kumkodisha mwendeshaji reli na mabehewa, yeye akusanye nauli awe anaipa serikali kodi. Hii nayo inafaa kwa masharti ya ijara yanayojulikana: manfaa yajulikane, muda ujulikane, kodi ijulikane. Sura ya tatu ni kampuni kujenga kwa mali yake, kuendesha kwa miaka kadhaa ili irudishe gharama na ipate faida, kisha kuirejesha kwa serikali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Sharjah mwaka 2009 liliujadili mkataba wa namna hii na likaukubali katika kuendeleza mali za waqfu na huduma za umma. Ama kuuza njia yenyewe moja kwa moja, hilo tumeshalisema.

Kwa hiyo jibu la vijana wetu si "ndiyo" wala "hapana". Linategemea ni kipi kilichokodishwa, na kwa masharti gani. Na masharti ndiyo yaliyotuumiza Afrika Mashariki.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2007 serikali ya Tanzania iliikabidhi reli ya kati, ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Kigoma na Mwanza, kwa kampuni mpya iliyoitwa TRL. Asilimia 51 ya hisa zilikuwa za kampuni ya RITES ya India, na asilimia 49 za serikali. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Njia na majengo yalibaki katika miliki ya RAHCO, kampuni ya serikali. (Tutaje pembeni kuwa RITES yenyewe ni kampuni ya serikali ya India. Tuliambiwa serikali haiwezi biashara, tukaenda kuichukua serikali ya wenzetu.) Vikaletwa vichwa vya treni na mabehewa ya kukodi kutoka India. Ikafuata migomo ya wafanyakazi juu ya mishahara. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yakaibomoa reli baina ya Kilosa na Gulwe, na safari zikasimama kwa miezi. Mwaka 2011 mkataba ukavunjwa, ikiwa miaka minne tu kati ya 25, na TRL ikarudi mikononi mwa serikali.

Majirani zetu walitangulia mwaka mmoja. Novemba 2006 Kenya na Uganda ziliikabidhi reli yao kwa kampuni ya Rift Valley Railways, nayo kwa miaka 25. Treni za abiria za mjini Nairobi zilikuwa ndani ya mpango huo. Mwenye kuiongoza kwanza alikuwa kampuni ya Afrika Kusini, baadaye ikaingia kampuni ya Misri. Mwaka 2017 nchi zote mbili zilikuwa zimekwisha kuuvunja mkataba.

Na tusidhani kuwa haya ni udhaifu wa Waafrika tu. Kule London, kampuni ya Metronet, iliyokuwa na sehemu mbili kati ya tatu za mikataba ile ya miaka 30, ilianguka mwaka 2007, na mwaka uliofuata kazi yake ikachukuliwa na mamlaka ya usafiri ya mji. Mwaka 2010 mamlaka hiyo ikainunua na kampuni ya tatu iliyobaki.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Tunaandika kwa sababu katika kila kisa kuna mas'ala ambayo vitabu vyetu vya fiqhi vimeyaeleza kwa mfano wa nyumba ya kupanga na mnyama wa kukodi, na wanafunzi huyasoma kana kwamba hayana kazi tena duniani.

Mas'ala ya kwanza ni matengenezo. Katika madh'hab ya Imamu Shafi'i, nyumba ya kukodi ikibomoka, kuijenga ni juu ya mwenye nyumba. Hakulazimishwa mpangaji kuijenga, lakini mwenye nyumba asipofanya haraka, mpangaji ana hiari ya kuuvunja mkataba. Sasa reli ikisombwa na mto Mkondoa, ni nani aitengeneze? Kama reli ni ya umma na mwendeshaji ni mpangaji, basi asili ni umma. Ama kupaka grisi, kubadili vyuma vinavyolika kwa matumizi, kufagia behewa, hayo ni ya mwendeshaji. Mpaka baina ya haya mawili usipoandikwa, kila upande utamtazama mwenziwe, na abiria atalala stesheni. Wanavyuoni wameita hali hii jahala yenye kuleta ugomvi, na wakasema inauharibu mkataba.

Sisi wenyewe tuliwahi kuonja. Miaka mingi iliyopita palikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao uliowekwa waqfu kwa msikiti mmoja wa huku kwetu, tukampa mtu auendeshe, nusu ya mapato iwe ya msikiti. Tulihesabu fedha vizuri na tukaweka mashahidi. Hatukuandika nani atautia kalafati. Yeye alisema mtumbwi ni wa msikiti, na sisi tulisema anayeutumia ni yeye. Masika ya pili uliingia maji ukalala matopeni, na mbao zake zikaishia kuwa kuni. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja. Waqfu ule uliangamia kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa.

Mas'ala ya pili ni mwendeshaji anayechukua kikubwa asichokiweza. Mtume (s.a.w.) alimpa Bilal bin al-Harith al-Muzani ardhi ya al-Aqiq. Ulipofika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), akamwambia kuwa hakupewa ardhi ile ili awazuie watu. Achukue anachoweza kukifanyia kazi, kinachobaki akirudishe, na Umar akakigawa kwa Waislamu. Maneno ya Umar yanaweza kuwekwa kama yalivyo ndani ya mkataba wa treni. Mwendeshaji akiahidi mabehewa kadhaa kwa mwaka na hakuyaleta, asiachiwe njia nzima kwa miaka 25 eti kwa kuwa alitia saini. Allah (s.w.) ameamrisha kutimiza ahadi mwanzoni mwa Suratul Maida, na amri hiyo inazibana pande zote mbili.

Na hapa ndipo kisa cha Ma'rib kinarudi. Serikali inapouvunja mkataba kwa maslahi ya umma, haifai kula alichokiweka mwenziwe kwa haki. Abyadh alipewa ardhi na mitende. Mwekezaji aliyeleta mali yake na akaitumia ipasavyo anastahiki thamani yake hata kama ametuudhi, naye aliyekiuka masharti anadaiwa hasara aliyoisababisha. Vyote viwili ni uadilifu.

Mas'ala ya tatu tutaipita kwa haraka, nayo ni dhamana ya faida. Baadhi ya mikataba huitaka serikali imhakikishie mwendeshaji mapato fulani, abiria wawepo wasiwepo. Ikiwa yeye ni ajiri, analipwa ujira wake na hakuna tatizo. Lakini ikiwa ni mshirika, mmoja wa washirika hawezi kumdhamini mwenziwe faida, kwani faida katika shirika hufuata hatari ya hasara. Mtu hawezi kuwa ajiri siku ya hasara na mshirika siku ya faida.

NAULI NA MNYONGE

Hili ndilo linalowagusa watu zaidi. Je, serikali inaweza kumwekea mwendeshaji kiwango cha nauli? Wapo wanaoleta hadithi ya Anas (r.a.), kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwomba Mtume (s.a.w.) aweke bei naye akakataa, akarejesha jambo hilo kwa Allah (s.w.), akichelea kukutana Naye hali ya kuwa kuna anayemdai dhuluma. Hadithi ni sahihi. Lakini hali iliyozungumzwa ni ya soko lenye wauzaji wengi, bidhaa ni zao, na bei imepanda kwa uchache wa bidhaa. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ameeleza katika risala yake ya hisba kuwa pale ambapo haki ya kuuza imewekwa kwa watu maalumu tu, hapo kuwawajibisha bei ya uadilifu ni wajibu. Na treni ya mji ina mwendeshaji mmoja. Abiria wa Pugu hawezi kushuka kwenye treni hii akapanda nyingine kwenye reli hiyo hiyo.

Sisi tunaongeza jambo moja. Hata kwa anayeshikilia kuwa kuweka bei hakufai kabisa, na ndiyo rai mashuhuri katika madh'hab yetu, nauli iliyoandikwa ndani ya mkataba si kuweka bei. Ni sharti. Umma ndio wenye reli. Umemwambia mwendeshaji: tunakukodisha kwa sharti usizidishe kiasi hiki, na mwanafunzi alipe kiasi hiki. Akikubali amejifunga mwenyewe kwa hiari, na kama hapendi asichukue.

Ama ni nani atangulizwe, Imamu Bukhari amepokea wasia wa Sayyidna Umar (r.a.) kwa Hunayy, aliyemweka kuangalia malisho yaliyohifadhiwa. Alimtaka amwache aingie mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, kwani hao wakifiwa na wanyama wana mitende na mashamba ya kurudia. Mnyonge akifiwa na wanyama wake atakuja na watoto wake mlangoni kwa Umar kuomba, na kumpa maji na majani ni nafuu kuliko kuja kumpa dhahabu na fedha. Tazama namna Umar alivyopiga hesabu. Alijua kuwa kumnyima masikini huduma nafuu leo kutaigharimu hazina zaidi kesho.

Kwa hiyo treni inayowekewa behewa zuri la wenye nacho si haramu. Haramu ni behewa hilo likichukua nafasi ya watu wa nauli ndogo mpaka wabaki stesheni. Dar es Salaam ilipoanza treni zake za mjini tarehe 29 Oktoba 2012, zikiendeshwa na TRL iliyokuwa imesharudi serikalini na TAZARA, waliozijaza walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo. Mwendeshaji yeyote atakayekuja baadaye, wa serikali au wa kampuni, amekuta watu hao wameshatangulia.

Ama kijana anayeajiriwa, kazi yake ya udereva, ufundi au ukataji tiketi ni kazi ya halali na mshahara wake ni halali, kwani anauza jasho lake katika jambo lenye manfaa. Kasoro za mkataba wa wakubwa haziingii katika ujira wake. Na kampuni inawajibika kumlipa kwa wakati, kama ilivyosisitizwa katika hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

RELI YA KWETU

Huenda imamu wa Mtwara akaona haya yote ni ya Dar es Salaam. Tunamkumbusha kuwa Kusini iliwahi kuwa na reli. Ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea. Mradi ule ulikwisha kushindwa mwaka 1951, na reli ikafika bandari ya Mtwara mwaka 1954 ikiwa imekosa mzigo iliojengewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Ilifuata hesabu ya karanga, na karanga zilipokosekana hakuna aliyeuliza wasafiri watapanda nini.

Sasa upo mpango wa reli mpya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, kiasi cha kilomita 1,000, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa ya mawe na chuma. Serikali imekuwa ikitafuta mbia wa sekta binafsi wa kuijenga, na sheria ya ubia ya mwaka 2010, iliyorekebishwa mara kadhaa ikiwemo mwaka 2023, ndiyo itakayotawala mkataba huo. Mwenye kujenga atatazama makaa na chuma kwanza, na hiyo ni haki yake. Ni juu yetu kuuliza mapema, kabla wino haujakauka: behewa la abiria limeandikwa? Nauli yake imeandikwa? Mvua ikiikata reli, ni nani anayeitengeneza na kwa siku ngapi? Miaka ikiisha, inarudi katika hali gani? Imamu anayejua mlango wa ijara anaweza kuyauliza haya katika mkutano wa kijiji kwa adabu, bila ya kuwa mwanasiasa.

Swali la mwisho vijana walilileta kwa mzaha, nasi tunalijibu bila mzaha. Wanasema wapo wanaopanda treni au basi la mji bila kulipa, wakidai kuwa ni mali ya umma nao ni umma, au kuwa ni la kampuni inayowanyonya. Katika madh'hab ya Shafi'i, aliyejichukulia manfaa ya kitu bila idhini anadaiwa ujira wa mfano wake. Mahanafi wamekhitalifu katika asili ya mas'ala hii, lakini waliokuja baadaye miongoni mwao wameitoa mali ya waqfu, mali ya yatima na kila kilichoandaliwa kwa kukodishwa, na treni ni katika hicho cha mwisho. Kwa hiyo nauli ni deni kwa rai zote mbili. Dereva na mkata tiketi hawana ruhusa ya kulisamehe, kwa kuwa si lao. Na aliyepanda bure siku za mwendeshaji mmoja, kisha mkataba ukavunjwa, deni lake halikuvunjika pamoja nao. Amlipe aliyeirithi kazi ile kwa kukata tiketi asizozitumia, hata kama ni kidogo kidogo. Akishindwa kumjua mwenye haki, atoe kiasi hicho katika maslahi ya Waislamu, kama kutengeneza kisima au njia. Wallahu a'lam.